Sauti Aliyoifuta Zanga

Zanga Coulibaly ni mtani wangu, kwa hiyo nitamsema nipendavyo na hana la kunifanya. Mimi Keita, yeye Coulibaly. Tangu enzi za mababu sisi huwaita wao wala maharage, nao hutuita watumwa wao waliotoroka. Cherehani yangu na meza yake vimekaa bega kwa bega sokoni Ségou kwa miaka kumi na tisa. Nimemwona akinenepa na nimemwona akikonda. Siku hizi anakonda.

Alianza kuwajazia watu nyimbo enzi za simu za vibonyezo. Mtu alimletea kadi tupu ya simu, akaondoka na nyimbo mia za wawindaji na mahubiri mawili juu yake. Foleni ilifika hadi kwenye cherehani yangu, nami nikipata wateja humo humo. Kisha bando zikashuka bei, vijana wakaanza kujipakulia wenyewe, foleni ikafa. Waliobaki kwa Zanga ni wale wanaopakua kitu halafu wasijue kimekwenda wapi.

Hao hawaishi. Kutwa nzima swali ni moja, naye hujibu bila kuinua uso kwamba simu haipotezi kitu, wewe tu hukutazama kilipo. Picha za Wasapu zina chumba chao, cha mtandaoni kina chumba chake, na kadi ni nyumba nyingine kabisa. Anafungua folda, anapapasa kidogo, hiki hapa. Kesho mtu yule yule anarudi. Niliwahi kumuuliza kwa nini asiwafundishe. Akasema amewafundisha miaka saba, na sasa kuwatafutia hakumchoshi kama kuwafundisha.

Mmoja wao alikuwa Korotumu, muuza sumbala, kile kiungo kinachonuka mtaa mzima kabla hakijaingia mchuzini. Ni mjane wa Keita mmoja wa Barouéli. Si ndugu yangu. Sisi akina Keita tumejaa kama mtama. Binti yake, Sitan, alichumbiwa na fundi pampu aitwaye Yakuba, na walipendana, jambo ambalo halitokei kila mwaka. Kwa kuwa baba hayupo, neno la kumtoa binti lilikuwa la baba yake mkubwa, mzee Fadiala, aliyeko Abidjan. Mzee akaridhia, akatuma ujumbe wa sauti. Tatizo lilikuwa mdogo wake mzee, Keletigi, wa Barouéli, ambaye alitaka Sitan aolewe na rafiki yake, mfanyabiashara wa ng'ombe mwenye wake wawili tayari.

Korotumu hakumwambia Keletigi kuhusu sauti ile. Alitaka isikike siku ya kola, zile kokwa chungu zinazokatwa kufunga uchumba, mbele ya wazee wa pande zote mbili, kola zikiwa mkekani, ambapo neno likishasemwa halirudi. Kwa hiyo akaitunza. Ila hakujua ilipo ndani ya simu, na kila Jumatatu, siku ya soko kubwa, alikuja kwa Zanga amtafutie ili ahakikishe bado ipo. Zanga alichomeka hedifoni, sikio moja lake, jingine la mama, wakasikiliza hadi mwisho. Jumatatu tisa mfululizo. Mtani wangu alikuwa akisonya kimoyomoyo, lakini mimi nilimsikia.

Jumatatu ya kumi, mama alitaka awekewe nyimbo za harusi. Simu ilikuwa imejaa. Watu wanane walikuwa wamesimama mezani, jua limewaka, na Zanga hakuwa amekula. Watu wa kazi yake wana kanuni yao: wimbo una jina, takataka ina namba. Akaweka alama kwenye kila faili lenye namba tupu, akafuta, akajaza nyimbo, akamwita anayefuata.

Juma lililofuata mama alirudi. Zanga alipapasa simu muda mrefu kuliko kawaida, nami nikasimamisha cherehani. Mwishowe akasema wanachosema wote wa kazi yake wakiharibu: simu imekula.

Korotumu hakupiga kelele. Heri angepiga. Alieleza polepole, kama mtu anayehesabu vikombe, kwamba mzee Fadiala amepigwa na kiharusi na mdomo wake hausemi tena. Simu yake kule Abidjan imekwisha uzwa kulipia hospitali. Kola zinakuja Alhamisi, na Keletigi ameshatangaza kwamba hajui ridhaa yoyote. Kisha akaondoka akasahau kikapu chake.

"Imekula kweli?" nikamuuliza Zanga.

"Mtani, simu haina meno. Nimefuta mimi, ilikuwa na namba tu."

"Basi mwambie."

"Nikimwambia, kesho nani ataniachia simu yake?"

Nikakanyaga cherehani. Jumanne na Jumatano alihangaika na kompyuta yake, akijaribu kufufua kilichofutwa. Zilimrudia picha za mbuzi, na harusi ya watu asiowajua. Sauti haikurudi, nyimbo zilikuwa zimeketi juu yake. Jumatano jioni alifunga meza akaniambia amechoka, si na siku ile tu, amechoka na mikono ya watu inayomnyooshea simu. Baada ya Tabaski, Idi ya kuchinja, hatafungua tena. Nilitaka kumtania, nikamsaidia kubeba kompyuta.

Alhamisi asubuhi nilimkuta kwenye cherehani yangu amevaa kanzu ya Ijumaa. Akasema twende.

Uani kwa Korotumu wazee walikuwa wamekwisha kaa. Kola zilikuwa kwenye bakuli katikati ya mkeka, na Keletigi, mtu mrefu mwenye kofia nyekundu, alikuwa akieleza kwamba mjane hawezi kujitungia maneno ya mzee mgonjwa. Korotumu alikaa karibu na mlango akitazama mikono yake. Zanga alivua viatu, akaingia, akasalimu, akasema pale pale kwamba sauti ilikuwepo, na kwamba aliyeifuta ni yeye, kwa uchovu na kwa haraka, kisha akamdanganya mama wa watu.

Keletigi alipojua ukoo wa Zanga alicheka. Naye ni Keita, ana haki.

"Mla maharage wewe. Tumbo limekujaa upepo mpaka unasikia sauti."

"Maharage nimekula, mtumwa wangu," Zanga akajibu. "Na sauti nimeisikia mara tisa. Nikuambie ilivyosema?"

Wazee waliguna kwamba aseme. Mtani hanyamazishwi.

Zanga akafumba macho. Akakohoa mara mbili, kikohozi kikavu cha mtu mzima sana, kisha akasema kwa sauti ya taratibu ambayo si yake: "Korotumu, ni mimi. Sitan apewe yule anayemtaka mwenyewe. Kola zikatwe na mle kwa niaba yangu, mimi meno yamekwisha. Na mwambieni Mgongoni asinune. Mwambieni nilimbeba mimi pia, mama alipochoka."

Sikuelewa Mgongoni ni nani. Nadhani hakuna aliyeelewa, hata Korotumu. Lakini Keletigi alivua kofia. Baadaye ndipo tulipoambiwa kwamba utotoni alibebwa mgongoni hadi akaota meno ya pili, kwa sababu ya mguu mbovu, na kwamba waliomwita jina lile ni mama yao na Fadiala tu, na mama yao alikufa zamani.

Keletigi aliishika kofia magotini. Kisha akasema, si kwa ukali, "Rudia."

Zanga akarudia, pamoja na kikohozi.

"Tena."

Mara ya tatu Keletigi alikuwa akilia waziwazi, mtu mzima yule, na Korotumu naye. Alipomaliza kujifuta akachukua kola ya kwanza bakulini, akaikata kwa kucha, akampa baba wa Yakuba kipande. Jambo likawa limekwisha.

Sitan ameolewa. Zanga, kama alivyoogopa, amepoteza wateja, maana habari kwamba anafuta ilifika sokoni kabla yake. Tabaski ilikuja ikapita na meza bado ipo. Nimemtania sana juu ya hilo.

Sababu naijua. Mzee Fadiala alifariki masika yaliyopita bila kusema neno tena. Na kila Jumatatu Keletigi huja kutoka Barouéli, na mguu wake ule, anakaa kwenye benchi ambalo Korotumu alikuwa akikalia, anavua kofia na kuishika magotini. Hana simu ya kutafutiwa kitu. Wiki iliyopita Zanga aliinama kwangu akaninong'oneza kwamba amechoka kufa, na kwamba faili hili limebaki kichwani mwake, hana pa kumhamishia huyu mzee wa watu.

Kisha akasogeza simu za wateja pembeni, akakohoa mara mbili, akaanza.