Kuruta wa Baba Mkubwa

Jumbe alitaka mwanamume mmoja kutoka kila kaya, apelekwe Makambako kuchaguliwa kwa ajili ya vita. Mimi nilisamehewa kwa sababu ya shule. Walibaki baba na kaka yangu, ambaye mkewe alikuwa karibu kujifungua. Baba akasema ataenda yeye. Shida ni kwamba sajini aliyekuwa akichagua huko hakuwa akichukua wazee. Akimkataa baba, atamchukua kaka.

Basi baba mkubwa, aliyekuwa askari wa Wadachi katika vita ile ya kwanza, akajitwika kazi ya kumfundisha mdogo wake ujana. Alimnyoa kwa kipande cha chupa ili mvi zisionekane, akamchanachana, akasema damu ya kijana hukauka upesi. Asubuhi, umande ukiwa umeganda mweupe juu ya majani, alimkimbiza mlimani na jiwe begani, yeye nyuma na fimbo ya mwanzi. Mama aliacha kutazama, akawa anashinda jikoni.

Mawaidha hayakuisha. Ukiinuka, usishike magoti. Usikohoe asubuhi, hicho ni kikohozi cha wazee. Ukiulizwa umri, sema hujui. Wanaojua miaka yao ni wale waliobakiwa na michache. Lakini alichokipenda hasa ni mwendo: mguu unyooke, upande hadi kiunoni, ushuke kwa kishindo. Baba akikosea, mwanzi ulitua kwenye miundi.

"Kaka, naumia," baba alisema siku moja.

"Kuruta hana kaka."

Tulimsindikiza Makambako, mimi na kaka, maana jumbe aliagiza kaka awepo karibu. Sajini alikuwa kijana, kanyoa ndevu vizuri, Kiswahili chake cha pwani. Baba alikimbia na vijana, akafika katikati yao. Hakukohoa. Alipoulizwa umri akasema hajui, na sajini akampiga kifuani kidogo, kama mtu aliyempenda ng'ombe sokoni. Nilimwona kaka akishusha pumzi.

Kisha wakaambiwa watembee. Wengine walijiendea kama wanakwenda shambani. Baba akanyoosha mguu, akaupandisha hadi kiunoni, akaushusha kwa kishindo. Vumbi likaruka. Alikuwa amekaza shingo, hatazami pembeni, nami nilijua anaona anafanya vizuri.

Sajini akamwomba arudie. Akawaita wenzake waje waone. Baba akarudia, safari hii kwa nguvu zaidi.

Sajini akamsogelea, akainamisha kichwa kwa adabu kabisa. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu," baba akaitikia. Hilo baba mkubwa hakuwa amemfundisha.

Walicheka mpaka wengine wakajishika mbavu. Sajini akamuuliza Wadachi walimsahau wapi, na kama anajua kwamba wameshaondoka. Kisha akamnyooshea kaka kidole, akamwonyesha lori. Baba alimvisha kaka blanketi lake.

Njiani kurudi baba alikohoa alivyotaka. Kila tulipopumzika aliinuka ameshika magoti, na mimi nilitazama kando.

Baba mkubwa alikuwa akitusubiri mbele ya nyumba na mwanzi wake. Hakuuliza habari za mtu mwingine. Aliuliza mwendo ulikwendaje.

"Nilitembea kama ulivyonifundisha, kaka," baba akasema.

Shemeji akatoka jikoni kwa taabu, mkono kiunoni, akatazama nyuma yetu njiani.