Vidonge Kwenye Kopo la Poda

Kinyozi huyu watu walimwita Mkono Laini, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Akikunyoa kwa wembe, ulirudi nyumbani unajipapasa kidevu njia nzima bila kujijua.

Ndiyo maana wateja walishangaa alipoanza kutumia mashine tu. Ukiulizia wembe, anakuambia haujanolewa. Uongo mtupu. Mkono ulikuwa unatetemeka.

Mwaka uliopita aliugua. Redio ya saluni ilianza kumsema yeye, tangu taarifa ya habari mpaka matangazo ya sabuni, na siku moja alitupa kitambaa akatoka mbio, akimwacha baba mkwe wake kitini na nusu kichwa. Hospitali wakampa vidonge. Redio ikarudi kusema ya watu wengine, naye akarudi kazini. Ila vidonge navyo vina mambo yake: mdomo ulimkauka, kitambi kikamtangulia, kisha mkono ukaanza kucheza. Sasa kinyozi bila mkono ni kinyozi gani? Aliona aibu kusema, akajiamulia mwenyewe kuacha kuvimeza. Ujinga gani huo, jamani.

Mkewe alimpa kidonge kila asubuhi na kusimama palepale mpaka kikombe cha maji kiishe. Bwana anakibana chini ya ulimi, anaaga vizuri, anakitema njiani. Kuvitupa kabisa aliogopa, maana redio haina adabu, inaweza kuanza tena. Akawa anavihifadhi saluni, kwenye kopo kuukuu la poda.

Wiki haijaisha na mkono bado unacheza, baba mkwe, fundi viatu mstaafu mwenye maneno yake, alikuja akanyolewa kwa mashine huku akinung'unika. Mkono Laini akanyakua kopo ampake poda shingoni. Kopo likawa lile kuukuu. Kifuniko kikafyatuka, vidonge vikamwagika ndani ya kola ya mzee.

Mzee akasimama, akakung'uta shati, akaokota kimoja.

"Mkwe wangu, hivi si ndivyo binti yangu anakupa kila asubuhi?"

Mkono Laini alitamani ardhi ipasuke. "Ndivyo, baba. Vinanitetemesha. Nikiendelea navyo, wembe basi tena."

"Mimi nimeshapita mjini na nusu kichwa, watoto wakinifuata nyuma. Sirudii. Funga saluni twende."

Kliniki walimkuta muuguzi, mama mmoja mpole asiyekupa nafasi ya kujitetea.

"Kutetemeka kunaletwa na dawa, na dawa yenyewe inarekebishika," alisema. "Daktari atapunguza dozi au atakubadilishia. Ukiikata mwenyewe ghafla, ugonjwa unarudi. Na hivyo ulivyoruka usije ukavifidia kwa kumeza vingi. Ukiamka, kaa kwanza kitandani, kizunguzungu kisikuangushe. Ukipata homa kali na mwili kukakamaa, usingoje kesho, njoo mbio. Pombe usiguse."

"Hata kidogo?" mzee akauliza.

"Yeye, mzee wangu. Yeye."

"Ahaa," mzee akasema, na uso ukamkunjuka.

Daktari akampa dozi ndogo zaidi, na wembe ukapigwa marufuku kwa wateja mpaka mkono utulie. Mkewe, baada ya kununa siku nzima, akaja na wazo: puto. Vinyozi hujifunzia hapo. Kila jioni alilijaza upepo, akalipaka povu la sabuni, na Mkono Laini akalinyoa sebuleni huku watoto wameziba masikio. Mwanzoni yalipasuka yote na ukuta ukajaa povu. Baadaye yakaanza kupona. Jioni ambayo puto lilitoka safi na zima, mke alilifunga uzi, akalitundika mlangoni mwa saluni.

Mzee alipoliona, aliingia akakaa kitini bila salamu.

"Umemeza leo?"

"Nimemeza, baba. Binti yako kasimama mlangoni mpaka nikafunua ulimi," Mkono Laini akajibu.

"Na wembe?"

"Umenolewa."

"Haya, nyoa."

Mzee akalaza kichwa nyuma, akainua kidevu, koo lote nje. Mkono Laini alichanganya povu taratibu, akampaka. Alipogeuka na wembe mkononi, mzee alikuwa anakoroma.