Aliyefika kwa Nabii Harun

Mwaka 1970, tulipokuwa tuna miezi miwili tu tangu kuhamia Maskati kutoka Kuwait, nilimsikia mume wangu akisimulia safari yangu kuwa ni yake, nami nimesimama nyuma ya pazia na dele la kahawa mkononi. Mpaka leo nikikumbuka damu hunichemka.

Safari yenyewe tuliifanya miaka minne nyuma. Tulitoka Unguja mwaka 1964 na sanduku moja, tukakaa Misri kwa shemeji yangu, mume wangu akimalizia masomo yake ya ualimu. Alipopata kazi Kuwait, mie ndiye niliyesema tusiende kwa ndege. Tangu utotoni, chuo cha Kurani, nilikuwa nikiyasoma majina ya Mitume, na sikujua hata mmoja kazikwa wapi. Nikashona shanta mbili za turubai, zenye mikanda ya kuvaa mabegani, moja yangu na moja yake, tukashika njia: meli mpaka Beirut, gari za abiria mpaka Sham, kisha Amman, Kudsi na Al-Khalil. Tulilala nyumba za wageni za rahisi, na mara mbili juu ya mapaa ya watu wasiotujua. Huko Al-Khalil tulizuru kaburi la Nabii Ibrahim na la bibi yake Sara. Tukateremka mji wa Ariha kutazama shimo ambamo wachimbaji walifukua mnara wa mawe wa watu wa kale mno. Kote huko nilikwenda kwa miguu yangu, na mzigo wangu niliubeba mwenyewe.

Mwisho tukafika Petra, mji uliochongwa ndani ya majabali. Juu ya mlima mmoja mrefu huko ndiko alikozikwa Nabii Harun, nduguye Nabii Musa. Asubuhi ile, kabla ya kupanda, mume wangu alikula jibini ya mbuzi niliyomkataza. Hatukufika hata nusu ya mlima. Alitapika, akaendesha, mwisho akajilaza kwenye kivuli cha jabali, uso umempauka.

"Turudi," nilimwambia.

"Weye nenda," akasema. "Umetoka Misri kwa ajili ya mtume huyu. Nenda ukaniombee."

Nikamwachia maji yote, nikapanda na mama wa Kibedui aliyekuwa akishika ufunguo wa kaburi. Pahala pengine tulikwenda kwa mikono na magoti. Kileleni pana kijumba cheupe chenye kuba. Ndani mlikuwa na jiwe la kaburi, limefunikwa kitambaa cha kijani kilichopauka, na pembeni ngazi za kushuka chini gizani. Yule mama alinishika mkono tukashuka. Nilisali rakaa mbili, nikamwombea mume wangu tumbo lake. Nilipotoka nje upepo ulikuwa mkali hata nikakaa chini kwa kuogopa, nikalia. Tangu Unguja, ile ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika pahala kwa kutaka mwenyewe, si kwa kufukuzwa.

Sasa nirudi Maskati. Tulipanga nyumba ya vyumba viwili Ruwi, vumbi la uwanja wa ndege likituingilia mpaka kwenye mchele. Mume wangu alikuwa maalim wa skuli, na kila Ijumaa baada ya sala wanaume waliorudi kutoka Unguja kama sisi walikuja barzani kwake. Siku hiyo alikuwapo na mzee mmoja wa hapa hapa, aliyewahi kuishi Unguja ujanani, Kiswahili chake kimetulia.

"Jua linawaka," mume wangu akiwaambia, "nafsi inaniambia rudi, nami nasema sirudi! Nikapanda mpaka kileleni."

"Mashaallah, maalim," wakamjibu.

Sikusikia "tu" ya sisi wawili hata moja. Nilipanda, nililala, nilibeba, yote ni "ni" yake peke yake. Nikavumilia. Kisha akasema, "Hata shanta nilijishonea mwenyewe." Mtu ambaye kifungo cha kanzu kikimkatika huniita mie!

Yule mzee akauliza, "Na mle ndani ya kaburi, maalim, mna nini?"

Mume wangu akaisogeza kofia yake kichwani. "Mna kaburi kubwa," akasema. "La marumaru. Na taa."

Nililifungua pazia. "Hamna taa wala marumaru," nilisema. "Mna jiwe na kitambaa cha kijani, na ngazi za kushuka chini. Aliyeingia ni mie. Yeye alibaki njiani, anaumwa na tumbo."

Mtu mmoja akakohoa. Mume wangu akainamia mkeka. Yule mzee akanigeukia.

"Ngazi ngapi, mwanangu?"

"Sikuzihesabu, ami. Kulikuwa giza."

"Wallahi huyu kafika," akawaambia wenzake. "Mwongo angezihesabu."

Wageni walipoondoka mume wangu alisimama katikati ya chumba. "Umenivua nguo mbele ya watu."

"Nguo ulizozivaa ni zangu."

"Mke na mume si kitu kimoja? Ukipanda weye nimepanda mie!"

"Basi na kuendesha tungeendesha sote."

Siku tatu hakunisemesha. Majirani wanawake walikuja kuninasihi: mke ni sitara ya mumewe, aibu yake huifunika. Niliwauliza, na sitara yangu mie nani? Aliponifuta kwenye safari yangu mwenyewe, mbona hakuna aliyesema kanivua nguo? Wakanywa kahawa yangu wakaenda zao.

Mume wangu naye alipata njia mpya. Ijumaa iliyofuata nikamsikia barzani: "Mie nimelala chini kama mbuzi mgonjwa, bibi yangu yuko juu ananiombea!" Wanaume wakacheka mpaka machozi. Ulikuwa ukweli, lakini hata ukweli ule kaushika yeye, anautia chumvi, anapewa sifa ya kuwa mcheshi. Mie bado niko jikoni, hakuna aliyeniita. Nilikoroga mchuzi kwa hasira hata ukamwagika jikoni.

Kisha yule mzee akamleta dada yake, bibi mtu mzima ambaye, ukiiondoa Hija, hajawahi kutoka Maskati na Matrah. Alikaa kwenye mkeka wangu wa jikoni, akakunja miguu.

"Kaka kaniambia weye ndiye uliyemzuru Nabii Harun," akasema. "Haya, anza ulipotoka nyumbani kwa shemeji yako. Usiruke kitu."

Nikaanza. Aliniuliza tulikula nini melini, nani alitupokea, nilitawadhia wapi, niliogopa au sikuogopa. Hakuna aliyewahi kuniuliza hayo. Mume wangu akagonga mlango, anataka kahawa ya wageni.

"Subiri, baba," yule bibi akamjibu bila ya kugeuka. "Bado hatujafika Sham."