Simu Iliyoachwa Ikiwaka

Mchunguzi wa simu kituoni kwetu Suva ana vidole vyembamba, na kila simu ya ushahidi huitumbukiza kwanza katika mfuko unaozuia mtandao. Askari akileta inayowaka, humfokea: "We bwana, unamngoja muuaji aifute akiwa amekaa kwake?" Basi jana mama wa marehemu Alumita alileta simu ya bintiye, kaiviringisha katika kitambaa cha magome ya mti. "Tangu mazishi naichaji, mwanangu, isizime. Vitisho vyote vya mkwe wangu vimo humo." Mchunguzi akaitazama: tupu kama ya dukani, imeshafutwa kutoka mbali. Akafuta miwani yake, akaifuta tena. "Umefanya vyema, mama," akasema taratibu. Mama akamshukuru, akauliza mkwewe atakamatwa lini.