Ajali ya Baba Mkwe Iandikwe Upande Gani

Nilipoanguka mtaroni na mzee ambaye nilitaka kumuoa binti yake, swali lake la kwanza halikuwa kama nimeumia.

Alikuwa amelala kifudifudi kwenye matope, kofia imeruka huko, kiatu kimoja hakionekani. Akainua kichwa taratibu, akanitazama, akauliza:

"Yustus, wewe bado ni Mkatoliki?"

Nikajua amegonga kichwa. Kumbe wapi. Akili yake ilikuwa timamu kuliko yangu, na ilikuwa inapiga hesabu.

Tulieni niwasimulie, maana stori hii nisipoianzia mbali mtasema nimekunywa rubisi.

Mji wetu uko huku Karagwe, kwenye njia ya kwenda Kyerwa. Jina silitaji, nina wakwe pale. Si mji mkubwa, si mdogo. Una soko, stendi, maduka ya pembejeo, na bodaboda wengi kuliko abiria.

Nusu yetu ni Wakatoliki, nusu ni Walutheri. Tunazikana, tunaazimana majembe, tunaoleana. Ugomvi hatukuwa nao, tulikuwa na ajali tu.

Ajali zilipozidi ikaundwa kamati ya usalama barabarani. Mwenyekiti wake Mzee Melkiory, mzee wa kanisa kwa Walutheri, mstaafu wa chama cha ushirika, mtu anayependa takwimu kama wenzake wanavyopenda senene wa kukaanga.

Mzee akasimamisha ubao mkubwa pale sokoni, chini msingi wa zege, juu umeezekwa bati usinyeshewe. Kila mwezi ajali ziandikwe kwa chaki, watu wazione waogope.

Mwanzoni aliandika idadi basi. Halafu akaongeza jambo ambalo, ukimsikiliza, lilikuwa la huruma kabisa. Alisema majeruhi aandikwe na dhehebu lake, ili parokia na usharika wajue nani aende kumwona mgonjwa wao na kumpelekea uji.

Hapo ndipo tulipoharibikiwa.

Mwezi wa kwanza Wakatoliki tukaongoza kwa kuanguka. Jumapili ile Walutheri walitoka ibadani wakitupungia mikono kwa upole wa kutia hasira. Mwezi uliofuata wakaongoza wao, na sisi tukapunga.

Kufikia msimu wa kahawa, ambapo kila aliyeuza magunia yake hununua pikipiki na kujifunzia barabarani, hakuna aliyekumbuka uji tena. Mgonjwa aliangaliwa kwa jicho la mtu aliyekosa penalti.

Kamati ikapitisha sheria kwamba ajali ni ya anayeendesha, abiria hahesabiwi. Weee. Matajiri wa Kikatoliki wakaanza kutafuta madereva wa Kilutheri. Mlutheri naye hapandi boda mpaka akuulize unasali wapi, ukisema Mkatoliki anapanda anatabasamu.

Halafu majeruhi wenyewe wakagundua safu ya tatu.

Ilikuwa imeandikwa "Wengineo". Mzee aliiweka kwa ajili ya Waislamu, Wasabato na yeyote asiye na pa kusali. Elpidius, mwenzangu wa kijiwe cha bodaboda, alivunjika mkono, kamati ikamfuata mpaka kitandani.

"Dhehebu?"

"Wengineo."

"Elpidius, wewe si unaimba kwaya parokiani?"

"Naimba tu. Sijasema naamini."

Kufikia mwezi wa kumi Wakatoliki sifuri, Walutheri sifuri, Wengineo wamejaa mpaka kwenye fremu. Sheikh wetu, mtu mstaarabu ambaye waumini wake wote wanaenea kwenye Noah moja, alikuja kuuliza kwa adabu hawa wenzake wapya wanaswali msikiti gani.

Watu walikuwa wanashangilia kwamba ajali zimeshuka.

Sasa mimi katika haya yote nilikuwa nampenda Deodatha, binti wa Mzee Melkiory, fundi cherehani pale sokoni, kibanda chake kinatazamana na ubao. Nampenda vibaya sana, siwafichi.

Nilipeleka washenga. Mzee alitupokea vizuri, tukatafunishwa buni za kahawa kwa desturi, tukaulizwa hali za nyumbani moja moja. Halafu akanigeukia.

"Kijana, mimi na wewe hatuna neno. Ila binti yangu akiolewa kwenu, atahesabiwa kwenu. Na kwenu mnaanguka."

"Shikamoo tena mzee," nikajikuta nasema, kwa woga. "Mwezi huu tuko sifuri."

"Mwezi haujaisha."

Kuanzia siku ile niliendesha kama nimebeba mayai. Abiria walishuka njiani wakatembea, wakasema watawahi.

Mwezi ukiwa ukingoni, mzee mwenyewe akaja kijiweni. Alikuwa na kikao Nyabiyonza, na Walutheri wote wa kijiwe walikuwa wamepakia. Nimebaki mimi. Akapanda nyuma yangu kwa kinyongo, mikono hataki kunishika.

Tukafika mlimani, nashuka taratibu. Mzee akashindwa kuvumilia.

"Unaogopa nini? Mimi nimeendesha pikipiki ya ushirika mpaka Nyakatuntu, baba yako akiwa anatembea peku. Hebu simama. Kaa nyuma nikuonyeshe Mlutheri anavyoshuka mlima."

Ungekuwa wewe ungemkatalia baba mkwe? Nikampisha.

Na niseme ukweli, mzee alishuka vizuri. Tena kwa madaha. Aliharibu bondeni, pale kwenye kalavati. Lile kalavati lilibomoka upande mmoja tangu mvua za mwaka juzi, likaacha shimo la kumeza ndama. Wenyeji tunalikwepa kwa mazoea. Mzee hakuwa na mazoea, alikuwa na maelezo, bado ananielekeza namna ya kutumia gia.

Tukaruka.

Ndipo akainua kichwa mtaroni na kuniuliza lile swali.

"Bado ni Mkatoliki, mzee."

"Vizuri." Akatema matope. "Nani alikuwa anaendesha?"

"Ni wewe, mzee."

"Fikiri tena."

Kutoka migombani tukasikia mtu anakuja mbio. Mzee akanikamata mkono. Damu ilikuwa inamchuruzika kiganjani, na kwa mara ya kwanza nikamwonea huruma.

"Yustus, ubao ule nimeuanzisha mimi. Nitajiandika vipi kwa mkono wangu? Sema ni wewe. Sema ni wewe, na Deodatha ni wako."

Akatokea Ma Auleria, mama wa jumuiya yetu, shamba lake liko palepale. Anahema, mundu mkononi.

"Waitu jamani, mmepona? Poleni. Nani alikuwa anaendesha?"

Hata yeye.

"Ni mimi, Ma Auleria."

"Na mwezi ulikuwa unaisha," akasema, akakaa chini kwenye nyasi akaanza kulia.

Nyumbani nilikuta habari zimetangulia. Mama yangu, Anonciata, alinikanda bega kwa maji ya moto, na alikanda kwa nguvu kuliko bega lilivyohitaji.

"Si ungesema Wengineo," akasema mwishowe.

Kijiweni wakaacha kunipa zamu. Elpidius, mkono bado una bandeji, ndiye aliyeongoza kuninunia, eti sina uchungu na kanisa. Lakini Mzee Melkiory alitimiza ahadi, akatuma ujumbe kwamba washenga warudi. Nikafurahi. Ilikuwa furaha yenye aibu ndani yake, ila nikajiambia aibu itaisha, mke atabaki.

Kesho yake Deodatha akaja kuniona, amebeba sufuria ya ndizi na maharage. Akaiweka mezani, hakukaa.

"Nimeshona koti la baba," akasema. "Limechanika kifuani. Viganja vyake vyote viwili vimechubuka, kama vya mtu aliyeng'ang'ania usukani. Abiria anaanguka hivyo?"

Nilikuwa na uwongo mzuri tu, nimeuandaa. Lakini jamani, ukitazamwa na mtu unayempenda, mdomo unakusaliti. Nikamwambia yote, mpaka ile ahadi ya mtaroni.

Akauliza polepole:

"Kwa hiyo umenipata kwa kuanguka."

"Nimekupata, Deo. Si ndilo la maana?"

"Hujanipata."

Akabeba sufuria yake na ndizi zake, akaondoka. Nililia siku ile, na sioni haya kusema.

Mwisho wa mwezi watu wakajaa ubaoni kama kawaida. Mzee Melkiory akaja anachechemea, akashika chaki. Wakatoliki, moja. Walutheri, sifuri. Upande wao wakapiga makofi ya heshima, yale ya mtu anayejizuia kurukaruka.

Nikapiga moyo konde, nikanyoosha mkono.

"Mzee, samahani. Naomba ufute. Mimi nilikaa nyuma."

Soko zima likanigeukia.

Mzee angeweza kunikana pale pale. Neno la bodaboda mbele ya neno la mzee wa kanisa, nani angenisikiliza? Na Deodatha ningemkosa moja kwa moja, nililijua hilo tangu nanyoosha mkono. Mzee akamtafuta binti yake kwa macho. Alikuwa mlangoni mwa kibanda chake, futi ya kupimia iko shingoni, anamtazama.

"Niliendesha mimi," mzee akasema.

Mngedhani watu watamsifu kwa ukweli. Ngoja sasa.

Akasimama Benjamin, katibu wa kamati, Mlutheri wa kutupwa. "Mzee, kwa heshima zote. Jumapili iliyopita hukuonekana ibadani."

"Nilikuwa nauguza mguu, Benjamin. Wewe mwenyewe ulikuja kuniona."

"Nilikuja, ndiyo. Lakini ibadani hukuonekana. Napendekeza aandikwe Wengineo."

Mikono ikanyooshwa. Wazee wenzake, wanakwaya, watu aliowasimamia ndoa zao, wote wamenyoosha, na wengine wanatazama pembeni. Benjamin akamtoa mzee chaki mkononi kwa adabu na kumwandika kwenye ubao wake mwenyewe, pamoja na watu wasio na pa kusali.

Mzee Melkiory akakaa chini kwenye msingi wa ule ubao, kofia mapajani. Sikuwahi kumwona mtu mzima amekuwa mdogo vile.

Ndipo Deodatha akavuka, akaja kusimama karibu na baba yake.

"Naomba kuuliza. Hawa Wengineo wote waliangukia wapi?"

Swali hilo halikuwa na safu.

"Mimi kalavatini," akasema Elpidius.

"Hata mimi kalavatini," akasema mwingine. Na mwingine. Kumbe Wakatoliki, Walutheri na Wengineo wote, karibu mji mzima, tulikuwa tunaanguka kwenye shimo moja.

"Sasa mbona halijengwi?"

Mzee akajibu bila kuinua kichwa. "Saruji ilikuja, mwanangu. Tukasema kwanza tujue ukubwa wa tatizo. Saruji yenyewe ndiyo hii nimeikalia."

Nadhani hata kuku wa pale sokoni waliacha kudonoa.

Jumamosi tukashuka bondeni na makoleo. Wa kijiweni wote, wanaosali na wasiosali. Sheikh akaleta saruji kwenye ile Noah yake, akashusha na kuanza kuchanganya, hakumuuliza mtu dhehebu. Kina mama wa jumuiya ya Ma Auleria wakabeba maji.

Nilikuwa napanga mawe nilipoona fimbo mbele yangu. Mzee Melkiory.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba." Akakohoa. "Yustus, nilikukatalia kwa sababu ya upande wenu. Sasa upande wangu wamenitoa, tena kwa kunyoosha mikono. Mtu asiye na upande atamkatalia nani?"

Sikujua nicheke au nimpe pole.

"Mimi nimeruhusu," akaendelea. "Ila si mimi tena wa kuombwa. Yule pale."

Deodatha alikuwa anakuja na ndoo kichwani. Nikamfuata, mikono yangu yote ni saruji.

"Deo, nilikosea."

"Ulikosea." Akatua ndoo. "Ungenyamaza siku ile ubaoni, baba angenioza na mimi ningekuja. Ningekupikia, ningekuzalia, na kukuheshimu nisingekuheshimu hata siku moja." Akatazama matope yangu mpaka miguuni. "Lete washenga. Lakini waje wameoga."

Tumeoana. Padre na mchungaji walikuwepo wote wawili, na baba mkwe alikaa katikati yao, anakula senene.

Miezi ikaanza kupita bila mtu kuanguka. Habari zikaenea, wakaja wageni kutoka mji mwingine kujifunza tumefanikiwaje. Wakaupiga ubao picha kila upande, wakaupima urefu na upana. Baba mkwe akawasihi waende bondeni waone kalavati. Wakasema wamelipita wakija, hawakuona kitu chochote.

Nasikia wameshajenga ubao wao. Una safu nyingi kuliko wetu, mpaka za timu za mpira.

Funzo langu ni dogo, mlichukue au mliache. Mtu akianguka kwenu, kabla hujamuuliza ni wa nani, muulize ameangukia wapi. Halafu beba koleo uende.