Swali la Kumsindikizia Mgeni

Ipo siku moja nisiyoisahau, mwanangu. Ni siku mama yako, Neema, alipoingia mara ya kwanza kwenye chumba changu cha kushonea mapazia pale Kinondoni. Nilikuwa nimeshaamua kuuza vyerehani. Miaka ile ya tisini milango ya biashara ilifunguliwa, maduka yakajaa mapazia ya Dubai yaliyoshonwa tayari, na watu waliokuwa wakiniita kuwapambia nyumba, niwachagulie rangi, niwapangie makochi, wakawa wananisalimia kwa mbali tu. Nikajiambia Idi ikipita sijapata kazi, nakwenda Temeke kuuza kanga na dada yangu. Nililia, sikufichi, maana kupamba nyumba ndiyo kazi pekee niliyowahi kuipenda.

Mama yako alikuwa binti mdogo kutoka Masasi, amejifunza kompyuta mjini, na habari za intaneti ndiyo kwanza zinaanza kusikika. Akaniambia anaweza kunitengenezea tovuti, ambayo mtu wa mjini na mtu wa Maskati wataifungua sawasawa. Nilicheka. Kisha nikamtolea magazeti yangu ya Ulaya yenye sebule za kifahari, nikamwambia aweke picha hizo, na juu kabisa, kwa herufi kubwa, aandike: AGIZA HAPA.

Hakunibishia, wala hakuandika. Aliomba tu akae kwenye kochi langu siku nzima aone wateja wanavyokuja. Nikamwona kituko, lakini chai nilimpa.

Siku hiyo akaja mama mmoja wa mtaa wa pili. Tukaongea habari za watoto, maji kukatika, harusi ya jirani. Habari ya mapazia hakuigusa. Alipoaga nikamsindikiza kama ilivyo ada. Tulipofika kwenye kona ndipo akaniambia, kwa sauti ya chini, kwamba sebule yake imekuwa giza tangu jirani ajenge ukuta, na sasa anaona haya kukaribisha watu. Niliporudi nikamkuta mama yako amesimama mlangoni.

"Da Zuhura, yule mama kakwambia saa ngapi alichojia?"

"Njiani, namsindikiza."

"Huwa ni yeye tu?"

Nikamjibu kuwa karibu wote huwa hivyo.

"Basi hiyo agiza hapa tusiiweke mlangoni," akasema. "Mtu hajakaa, hata maji hajanywa, ushamwuliza shida yake. Sie tutamwuliza wakati wa kumsindikiza."

Magazeti ya Ulaya akanirudishia. Tukapita kwa wateja wangu wa zamani, tukaomba ruhusa, tukapiga picha sebule zao zilivyo, televisheni ikiwa na kitambaa chake juu. Chini ya kila picha akaandika maneno machache: chumba kilikuwaje, mwenyewe alitaka nini, tulifanya nini. Mwisho kabisa, picha zikishakwisha, akaweka swali moja na nafasi ya kujibu: Chumba gani kinakusumbua? Barua pepe zikija alikuwa akizisomea kule mjini alikokuwa akifanya kazi, kila siku, bila kuchoka.

Idi ikaja, ikapita. Nilikuwa nimeshampata mnunuzi wa cherehani kimoja pale mama yako alipofika anahema, na karatasi mkononi. Kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi Maskati alikuwa ameandika: "Nilikuwa napita tu kuangalia picha. Ila kwa kuwa umeuliza, ni chumba cha mama. Nyumba niliyomjengea Bunju imekwisha, hataki kuhamia, na hasemi kwa nini."

Kijana akatuelekeza, nikamfuata huyo mama yake Temeke, kwenye chumba chake cha kupanga. Tukaongea mchana kutwa, nyumba ya Bunju hatukuitaja. Nilipoaga akajitupia kanga begani kunisindikiza, na tulipofika barabarani akasimama. "Mwanangu kanijazia makochi," akasema. "Wenzangu wakija watakaa wapi? Sie tunakaa chini, tunanyoosha miguu."

Ilikuwa hiyo tu. Nikatoa makochi kwenye chumba kimoja, nikatandika mikeka ya ukindu, nikashona mito, na dirisha linalotazama njia nikalitia pazia jepesi ili aone nani anapita. Alihamia mwezi uleule. Bunju ilikuwa inajengwa wakati huo, majirani wapya wakaja kuchungulia, na kila aliyechungulia alikuwa na chumba chake kinachomsumbua. Vyerehani havikuuzwa. Kile pale pembeni, chenye kitambaa cheupe, ndicho kilichokuwa kimeshapata mnunuzi.

Namshukuru mama yako, mwanangu. Nikiswali namtaja, yeye Mkristo wa Masasi, na Mungu anajua ninamwombea nani.

Sasa na wewe unawatengenezea wapambaji wa nyumba tovuti zao, na umeniuliza ufanye nini ili wateja wawaandikie. Usimkabe mtu mlangoni. Usimwonyeshe nyumba za watu usiowajua. Mwonyeshe zilizopambwa na huyohuyo mpambaji, na wenye nyumba wawe wameridhia. Mwache azunguke, akae, apate maji. Mwishoni mwulize swali moja jepesi, ambalo hata mwenye haya anaweza kulijibu. Akijibu, hakikisha yupo mtu wa kumwitikia siku hiyohiyo, kwa maana mtu aliyekutajia chumba kinachomsumbua ameshakufungulia nyumba yake. Hiyo ni amana, usiichezee.

Mungu akupe macho ya mama yako, na subira yake ya kukaa kwenye kochi la mtu siku nzima bila kusema neno. Akujaalie wateja waungwana, na kazi ya mikono yako ikulee mpaka uzeeni kama yangu ilivyonilea.

Haya. Tangu asubuhi uko hapa, chai umekunywa, habari za tovuti tumezimaliza, na uso wako bado una jambo. Vaa viatu, mwanangu, nikusindikize.