Wimbo Uliokuwa wa Mama

Jamani, leo ndiyo nimejua kwamba mama yangu aliwahi kuimba kwenye bendi.

Mchana nilimpeleka ukumbini hapa Tabora kumsikiliza Bi Tausi, yule mwimbaji mkongwe wa dansi wa enzi za ujamaa. Siku hizi anaimba amekaa, ila sauti bado ipo.

Alipomaliza nikaenda kumsalimia. Mama akanifuata shingo upande.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akanijibu, lakini macho yote kwa mama. "Mwajuma wa Mtendeni? Uliondoka kwenye bendi yetu bila kuaga!"

Mimi hoi.

Mama akasema, "Baba alituhamishia kijiji cha ujamaa, kule Sikonge. Tuliondoka alfajiri."

Bi Tausi akamshika mkono. "Miaka yote hii nikidhani ulikasirika, kwa sababu wimbo wako nilipewa mimi."

Mama akamtazama.

"Nilikasirika pia."

Wakacheka mpaka wakashikana. Kisha Bi Tausi akamwomba auimbe huo wimbo, na mama akauimba wote palepale, hakusahau hata neno.

Nimelelewa na huyu mama, na sauti ile sijawahi kuisikia nyumbani.

Nyie wenzangu, wazazi wenu wamewaficha nini?